Maembe Yanayooza Chini ya Mti Ndiyo Yanayofuga Nzi

Maembe yakianza kupiga rangi, wakulima wanaokuja ofisini kwetu hapa Mtwara huwa na swali moja: nipulize dawa gani? Msimu huu malalamiko ya funza kwenye maembe yameanza mapema, kutoka Nanyamba na Masasi hadi Mtama kwa ndugu zetu wa Lindi, na wengi wanaolalamika wameshapuliza mara mbili au tatu. Naomba leo tuzungumzie mahali ambapo hawapaulizii, yaani chini ya mti.

Nzi anayetusumbua zaidi ni mgeni kutoka Asia, Bactrocera dorsalis. Alionekana pwani ya Kenya mwaka 2003, na mwaka huohuo akaonekana kwetu Tanzania. Jike hutoboa ganda la embe linalokomaa na kutaga ndani. Tundu lenyewe ni dogo kama la sindano, kwa hiyo embe hupita sokoni likionekana zima.

Mwaka jana mama mmoja kutoka Ng'apa aliniletea dodo. "Mwanangu, hili halina kitu, nimelichagua kwa mkono wangu." Nikalikata mbele yake. Kuzunguka kokwa nyama ilikuwa imegeuka uji wa kahawia, na funza weupe wakaanza kujikunja na kurukaruka juu ya meza. Vipande vile tukavitia kwenye ndoo yenye mchanga, mdomo tukaufunga kwa kipande cha chandarua. Aliporudi baada ya wiki mbili alikuta nzi wamejaa kwenye chandarua kwa ndani. Alisimama akiwatazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: "Na yale yote niliyoyaacha shambani?"

Swali lake ndilo jibu letu. Embe lenye funza huanguka, funza hutoka, hujichimbia sentimita chache tu kwenye udongo, na baada ya siku kumi hivi anatoka nzi kamili. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake. Hesabu maembe yaliyolala chini ya mti wako leo, halafu uniambie dawa ya kupuliza juu itamfikia nani.

Hapa niseme wazi, maana nimechoka kulirudia: salfa si dawa ya funza wa maembe. Salfa tunaipuliza kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga, na ubwiri unga ni ukungu. Ukiimwaga kwenye mwembe kwa ajili ya nzi umepoteza fedha na mavumbi umeyavuta mwenyewe. Na funza aliyekwisha kuingia ndani ya embe hafikiwi na dawa unayopuliza juu ya ganda.

Sasa namna ya kufukia. Okota kila siku, au angalau mara mbili kwa wiki, pamoja na maembe yaliyotobolewa yakiwa bado mtini. Usiyarundike pembeni ya shamba, usiyatupe mtoni wala kwenye shimo la taka lililo wazi. Chimba shimo refu ili tabaka la juu kabisa la maembe lifunikwe na udongo usiopungua sentimita 60, kisha shindilia kwa miguu. Nasisitiza kipimo kwa sababu wengi hufunika kwa udongo wa kiganja kimoja, na nzi hupenya bila shida. Asiye na nguvu ya kuchimba atumie pipa lenye mfuniko unaobana, alijaze maji na kuyazamisha humo kwa siku kadhaa, au ayafunge kwenye nailoni nzito nyeusi isiyo na tundu na kuianika juani hadi funza wafe. Mifuko ya kubebea bidhaa, tuliyozoea kuiita rambo, ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usiitafute kwa kazi hii.

Usafi huo usiishie kwenye mwembe. Nzi huyu huzaliana pia kwenye mapera, kwenye kungu za ile miti ya kivuli iliyojaa mijini kwetu, na kwenye mabibo. Hapo kwenye mabibo ndipo tunapojiumiza, kwa sababu korosho inaokotwa na bibo linaachwa lioze, na mikorosho na miembe ipo shamba moja. Naelewa kwamba korosho ndiyo inayolipa ada za watoto. Lakini mkulima mmoja akisafisha na majirani zake watatu wasisafishe, atazalishiwa nzi wa kutosha kutoka kwao.

Mitego ya chambo cha harufu inasaidia, ila inanasa madume. Mtu akiona chupa imejaa nzi hudhani amemaliza, kumbe majike yanaendelea kutaga. Chambo cha protini kilichochanganywa na kiuatilifu ndicho kinachovuta wote wawili. Hakipulizwi mti mzima: kiasi kama mililita 50 kwenye mita 1 ya mraba ya majani kwa kila mti kinatosha, na hurudiwa kwa mujibu wa lebo.

Na tafadhali, wale sisimizi wa mtini tunaowaita maji moto msiwachome. Najua wanang'ata wakati wa kuvuna. Ni walinzi wanaowinda wadudu mtini na kuwasumbua nzi wasitage, na kwenye mikorosho wanapunguza mbu wa mikorosho na mbu wa minazi.

Kuhusu viuatilifu, ofisi haitangazi bidhaa ya mtu, ndiyo maana sitaji majina. Nunua kwenye duka lenye kibali, dai risiti, angalia namba ya usajili na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020 inasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na kuuza kiuatilifu kisichosajiliwa ni kosa linaloweza kumfikisha muuzaji mahakamani. "Sikujua" haikubaliki kama utetezi. Anayepeleka maembe nje ya nchi anatakiwa kuwa na cheti cha usafi wa mimea, na mkaguzi akikuta funza hatakitoa, hata kama gari limeshapakiwa na dereva anasubiri.

Ukitaka tukusaidie kumtambua mdudu, leta maembe matano yaliyodondoka siku hiyohiyo. Usiyaoshe wala usiyakate. Yatie kwenye ndoo yenye mfuniko, uweke na karatasi yenye jina la kijiji, aina ya embe na tarehe uliyookota. Ndoo iliyo wazi usipande nayo daladala, utakuwa unawasambaza nzi njia nzima.