Kabla ya kulaumu tyubu, tazama spika

Mtu akiniambia amplifaya ya tyubu (zile taa za kioo za zamani zinazokuza sauti) ina sauti nene na laini, mimi humuuliza: uliisikiliza kwa spika gani? Wengi hawakumbuki. Walitazama tyubu zinavyowaka, wakasahau kwamba sauti ilitoka kwenye boksi lililo kando. Amplifaya ile ile, tyubu zile zile, ukibadilisha spika tu waweza kuapa umeletewa mashine nyingine.

Wiki iliyopita niliketi na amplifaya inayotumia tyubu moja ya 300B kila upande. Inatoa wati 8 hivi kwa chaneli, na haina fidibeki, yaani hairudishi sehemu ya sauti inayotoka ili ijirekebishe. Niliiunga na jozi tatu za spika kwa zamu, wimbo mmoja: mwanamke anaimba, nyuma yake kuna besi kubwa ya mbao inayochezwa kwa vidole.

Jozi ya kwanza ni spika ndogo za rafu zenye tundu la hewa, zinazotoa sauti ya desibeli 86 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Sauti ya mwimbaji ilikuwa tamu, lakini besi ilinisumbua. Noti moja inavimba na kukawia kuondoka, inayofuata inapita kama haikupigwa. Nilipoongeza sauti kidogo, mwimbaji akaanza kubanwa. Hilo la kubanwa halina fumbo: wati 8 zinakuongezea desibeli 9 tu juu ya wati moja, basi unafika 95 ukiwa mita moja, na kwenye kiti chako zinapungua.

Kuvimba kwa besi ndiko kunakohitaji maelezo. Spika ikiandikwa "omu 8", hiyo ni namba ya jumla tu. Impidansi yake, yaani ukinzani wake kwa umeme wa sauti, hupanda na kushuka kadiri masafa (uzito au wembamba wa mlio, unaopimwa kwa hezi) yanavyobadilika. Spika moja inaweza kuwa omu 4 kwenye hezi 200 na omu 20 kwenye hezi 2,500. Amplifaya ya transista haijali, kwa sababu impidansi yake yenyewe ya kutoa ni ndogo mno. Yangu hii ya tyubu ina omu 2 hivi, na hizo omu 2 hugawana volti na spika: impidansi ya spika ikipanda, spika hupata sehemu kubwa zaidi, ikishuka hupata ndogo.

Nilichomeka mita ya volti kwenye vituo vya spika ya rafu, nikapiga mlio wa hezi 2,500 hadi ikasoma volti 1.00. Bila kugusa kitufe, nikashusha mlio hadi hezi 200. Mita ikasoma 0.73. Hiyo ni tofauti ya karibu desibeli 2.7, na sikio lolote linaisikia. (Ukitaka kujaribu, hakikisha mita yako inasoma vizuri masafa ya juu, nyingi za kawaida hazisomi.) Kule chini kwenye besi, ambako spika yenye tundu ina vilele viwili vya impidansi, mambo ni yale yale. Tena amplifaya haina nguvu ya kuikamata koni (ile sehemu ya spika inayotikisika) isimame, ndiyo maana noti inakawia.

Jozi ya pili ni spika za honi, zenye mdomo uliopanuka kama tarumbeta, desibeli 100. Ile sauti iliyozimaliza wati 8 kwenye spika za rafu, hizi zinaitoa kwa theluthi moja ya wati. Besi ya mbao ikaanza kusikika vidole vinavyogusa nyuzi, na mwimbaji akivuta pumzi unamsikia. Lakini honi haifichi kitu: mvumo mdogo wa umeme ambao sikuwahi kuusikia kwenye spika za rafu, hapa ulikuwepo kila wimbo ulipotulia.

Jozi ya tatu ilinishangaza zaidi. Ni LS3/5a za zamani, zile ndogo zilizobuniwa na BBC, omu 15, boksi limefungwa kabisa. Usikivu wake, yaani sauti zinayotoa kwa wati moja, uko chini hata ya zile za rafu, na kwa hesabu ya wati peke yake ningezikataa. Kumbe kwa sauti ya chini, ndizo zilizomleta mwimbaji karibu kuliko zote. Impidansi ikiwa juu, zile omu 2 za amplifaya hazina pa kuharibu sana. Hazifai kwa kishindo, na mimi sikuzitaka kwa hilo.

Spika za umemetuli (zinazotikisa utando mwembamba kwa chaji ya umeme badala ya koni) ni habari nyingine: nyingi impidansi yake hushuka kadiri unavyopanda masafa, hivyo tyubu huzifanya zififie juu badala ya kuvimba chini.

Nikarudi kwa zile za rafu, maana ndizo watu wengi walizo nazo. Nilizima amplifaya, nikasubiri ipoe, kisha nikahamisha waya wa spika nyuma ya amplifaya kutoka kituo cha omu 8 cha transfoma ya kutoa sauti hadi cha omu 4. (Usiiwashe kamwe ikiwa haina spika, volti zinaweza kuruka ndani ya transfoma na kuiunguza.) Kwenye kituo cha omu 4, impidansi ya kutoa inashuka nusu, kutoka omu 2 hadi 1, na ile tofauti ya desibeli 2.7 inabaki 1.5 hivi. Nguvu ya juu kabisa inapungua kidogo, lakini noti zile za besi zilianza kuondoka kwa wakati wake. Nimeziacha hapo.