Usafirishaji haramu wa binadamu hauhitaji safari

Lori likikamatwa barabarani likiwa limebeba vijana wa Kiethiopia wanaoelekea Afrika Kusini, jioni hiyohiyo taarifa ya habari itatangaza kwamba polisi wamenasa mtandao wa usafirishaji haramu wa binadamu. Huenda ni kweli, lakini kwa yaliyoelezwa katika taarifa yenyewe hakuna anayeweza kujua. Kosa hilohilo, la kudhani kwamba jambo hili lazima liwe safari ya siri, hujitokeza kwa sura ya pili watu wanapozungumzia majimbo ya mashambani ya Marekani: kwa kuwa Iowa na South Dakota hazipakani na nchi yoyote ya kigeni, na kwa kuwa vibarua wengi huko wameingia kwa ndege wakiwa na viza, basi usafirishaji haramu hauwezi kuwapo, na anayelalamika analalamikia mshahara mdogo tu.

Maana yenyewe haina ugumu. Sheria ya Marekani ya kuwalinda waathirika, iliyosainiwa Oktoba 2000, na Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa, iliyopitishwa mwezi uliofuata, zinakubaliana katika msingi: ni kumwajiri mtu, kumsafirisha, kumhifadhi, kumpata au kumkabidhi kwa mwingine, kwa kutumia nguvu, udanganyifu au shuruti, ili atumikishwe. Sheria ya Marekani inaweka pia biashara ya ngono katika kosa hili, na kwa mtoto aliyeingizwa humo haidai kuthibitishwa kwa nguvu wala udanganyifu. Hayo yanatosha.

Kinachokera ni kwamba tendo moja katika orodha hiyo, kusafirisha, limeachwa likayameza mengine yote. Kumhifadhi mtu kunatosha, kumpata kunatosha. Mzaliwa wa Iowa anaweza kufanyiwa kosa hili katika kaunti aliyozaliwa, na mtendaji asiwe amenunua hata lita moja ya petroli. Kwa Kiswahili tumejiongezea tatizo kidogo, kwa sababu sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 ilibeba neno usafirishaji katika jina lake, na msikilizaji anafikiria lori kabla hajafikiria jambo lingine. Wakenya husema ulanguzi, ambao angalau unaelekeza jicho kwenye faida anayoipata mtu kwa mgongo wa mwenzake.

Kuvusha watu mpaka kwa malipo ni magendo ya wahamiaji. Hilo ni kosa dhidi ya mpaka wa nchi. Msafiri amekubali, amelipa, na wakifika kila mmoja hushika njia yake. Usafirishaji haramu ni kosa dhidi ya mtu mwenyewe, na unaendelea kwa muda wote anaposhikiliwa. Tofauti hii si ya wanasheria peke yao, maana aliyevushwa kwa magendo akikamatwa hurudishwa kwao, ilhali aliyetumikishwa kwa shuruti anaweza kuomba viza ya T, inayomruhusu mwathirika kubaki Marekani, iliyoanzishwa na sheria ileile ya mwaka 2000 na kuwekewa ukomo wa waathirika 5,000 kwa mwaka. Ofisa anayechanganya majina anaweza kumpandisha kwenye ndege shahidi wake mwenyewe.

Mambo hayo mawili huweza pia kufuatana. Mwaka 2014 vijana wa Guatemala, baadhi yao wenye umri wa miaka 14 hivi, walikutwa katika matrela mabovu karibu na Marion, Ohio. Walikuwa wameahidiwa shule. Familia zao zilikuwa zimeweka rehani hati za mashamba ili kulipia safari, na vijana wakawa wanashinda kwenye mabanda ya kuku wa mayai, wakisafisha, wakipakia vizimba na kuwakata kuku midomo, huku ujira wao ukichukuliwa kwa jina la deni. Kuvuka mpaka kulikuwa magendo. Lililofuata baada ya kufika ndilo lililowafanya wahusika wafungwe miaka mingi.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi kwa kazi hii ni wa Oacoma, South Dakota, kwa sababu hauna mpaka uliovukwa kwa siri wala lori. Oacoma ni mji mdogo mno kando ya mto Missouri, pembeni ya barabara kuu namba 90, ambapo watalii wanaoelekea magharibi hulala usiku mmoja na kuondoka. Mume na mke waliokuwa na hoteli ya wageni hapo waliwaleta Wafilipino 9 kusafisha vyumba, kwa viza halali za H-2B, zinazotolewa kwa kazi za muda zisizo za kilimo. Mkataba uliopelekwa serikalini uliahidi zaidi ya dola 6 kwa saa. Walipofika, wakalipwa dola 3 kwa kila chumba walichosafisha. Pasipoti zao zilichukuliwa. Wakaandikiwa deni la gharama za viza, kisha la nauli, ambayo kwa mkataba ilikuwa ya mwajiri, kisha la mengineyo, na kwa malipo ya dola 3 kwa chumba, katika mji ambao hoteli haijai kila siku, deni halikuwa na namna ya kupungua. Ikabidi watafute vibarua vya pili, jambo ambalo viza yao haikuruhusu, na hivyo wakazidi kuwa na kitu cha kuogopa.

Utetezi ulikuwa uleule unaosikika kila mahali: hawakufungwa minyororo, walitoka, walienda kazini kwingine na kurudi kwa miguu yao wenyewe. Mahakama ya rufaa haikushawishika, na mwaka 2009 ilithibitisha hatia ya utumwa wa deni, kushikilia hati za watu na udanganyifu wa viza. Inafaa kujua kwamba sheria ya utumwa wa deni iliyotumika ina asili yake mwaka 1867, ilipotungwa kwa kuilenga desturi ya New Mexico ya kumfunga kibarua kwa madeni. Imekuwa ikisubiri vitabuni muda wote huo, na ilipoamshwa ikakuta mashuka ya hoteli badala ya mashamba makubwa.

Hoja ya kwamba hawakufungwa minyororo ina historia ndefu, na kuna wakati ilishinda. Katika shamba moja la ng'ombe wa maziwa huko Chelsea, Michigan, wanaume wawili wenye ulemavu wa akili walifanya kazi siku 7 kwa wiki, mara nyingi saa 17 kwa siku, mwanzoni kwa dola 15 kwa wiki na baadaye bila malipo yoyote. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba, kwa sheria zilizokuwapo, kumtumikisha mtu bila hiari yake kunathibitishwa kwa nguvu za mwili, tishio la nguvu hizo, au tishio la kutumia sheria dhidi yake. Kumvunja mtu moyo mpaka aamini kwamba hana pa kwenda hakutoshi. Bunge lilihitaji miaka 12 kuliziba pengo hilo. Sheria ya mwaka 2000 iliunda kosa la kazi ya kulazimishwa, na marekebisho ya mwaka 2008 yakaeleza wazi kwamba madhara anayotishiwa mtu yanaweza kuwa ya kisaikolojia, ya kifedha au ya kumharibia jina. Anayedai leo kwamba bila minyororo hakuna kosa anatetea msimamo ulioachwa muda mrefu.

Wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili, wakiita kila kazi mbaya usafirishaji haramu. Sheria ya mishahara ya mwaka 1938, kwa ngazi ya taifa, bado haimpi kibarua wa shamba haki ya malipo ya ziada baada ya saa 40 kwa wiki, hata akivuna kwa saa 70. Huo ni unyonyaji, na ni halali kabisa, jambo ambalo mimi naliona baya zaidi kwa sababu hakuna wa kumshitaki.

Kisa cha Atalissa, Iowa, kinawasumbua wa pande zote mbili, anayedai minyororo na anayeita kila kazi mbaya usafirishaji haramu. Kwa zaidi ya miaka 30, wanaume wenye ulemavu wa akili, waliotoka Texas na raia wa Marekani wote, walilazwa katika jengo la shule kuukuu na kupelekwa kila siku kwenye machinjio ya bata mzinga huko West Liberty. Walipokea dola 65 kwa mwezi. Mamlaka zilipoingia Februari 2009 zilikuta mende na madirisha yaliyozibwa. Mwaka 2013 jopo la wananchi mahakamani Davenport liliwapa wanaume 32 dola milioni 240, na kwa kuwa sheria inaweka kikomo kinachotegemea ukubwa wa kampuni, kiasi hicho kikashuka hadi dola milioni 1.6. Kesi hiyo ilifunguliwa kama ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu, na ile ya mishahara ikaenda peke yake. Jina la usafirishaji haramu halikutumika. Nadhani lingeweza kutumika, ingawa naelewa kwa nini mwanasheria huchagua njia anayoweza kuithibitisha.

Jambo hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Wakongomani wengi wanafanya kazi za machinjio huko Waterloo, Iowa, na waliofika kama wakimbizi wana nafasi ambayo wale wa Oacoma hawakuwa nayo: wanaweza kumwacha mwajiri leo na kuomba kazi kwa mwingine kesho bila kupoteza haki ya kukaa nchini. Mwenye viza ya H-2A, ambayo ni ya kazi za muda za kilimo, au H-2B amefungwa kwa mwajiri aliyemwombea. Aliye na ndugu Muscat au Dubai anaujua mpango wa namna hiyo bila kuelezwa. Viza ya namna hiyo peke yake si kosa, ila humrahisishia kazi mwajiri mwenye nia mbaya.

Kwa hiyo, mtu anapouliza mwathirika alifikaje Iowa, aombwe kwa upole abadili swali. Aulize pasipoti iko kwa nani, deni linaandikwa na nani na kama limewahi kupungua, na nini kingempata mtu huyo kama angesema haji kazini kesho. Majibu yakionyesha ujira mdogo na saa nyingi tu, aite unyonyaji, na hatakuwa amelipunguza jambo hilo uzito hata kidogo. Na akisisitiza kwamba wale wa Oacoma walikuwa na viza halali, akubaliwe kwamba walikuwa nazo, kisha akumbushwe kwamba hakuna aliyeshitakiwa kwa kuwavusha mpaka.