WRX ikianza kugonga, oili nzito haiponyi kitu

Jumamosi kaletwa mwingine. Subaru Impreza WRX yenye injini ya EJ20, inagonga kama mtu anatwanga kisamvu, na mwenyewe ananiambia "fundi wangu aliweka oili nzito ya 20W-50 sauti ikapungua kabisa, sasa sijui kwa nini imerudi". Huyo ni wa tatu mwezi huu na wote wana hadithi hiyohiyo, ndo maana naandika usiku huu badala ya kulala.

Sikilizeni jamani. Injini ikiwa nzima, beringi ya konrodi (mkono unaoshika pistoni) na krenki (mhimili unaozungushwa na huo mkono) hazigusani, katikati kuna utando wa oili, na nafasi yenyewe ni kama milimita 0.02 mpaka 0.05 hivi, nyembamba kuliko unywele wako. Ukisikia inagonga maana yake nafasi imeshatanuka na chuma kinapiga chuma. Oili nzito inakaa kwenye hilo pengo kama mto, sauti inalala, basi fundi anachukua hela yake. Beringi haijapona hata kidogo! Umepewa wiki mbili za kutembea nayo, na ni ndani ya hizo wiki mbili konrodi inatoboa bloku, yaani mwili wa injini, halafu krenki ambayo ingechongeka inakuwa chuma chakavu.

Na msiniambie "mbona taa ya oili haijawaka". Ile swichi inasubiri presha ikaribie sifuri. Funga geji ya presha ya oili, injini ipate moto, hesabu ya kifundi ni presha ya psi 10 kwa kila rpm 1,000.

Sasa kitu kinachoniumiza zaidi ni watu kuchanganya milio. EJ nyingi asubuhi zikiwa za baridi pistoni zinapiga kelele, ikipata moto inanyamaza, hiyo siyo beringi kugonga, na nimeona mtu kauza gari kwa bei ya kutupa kwa sababu hiyo tu. Beringi ni kinyume chake: asubuhi inaweza kuwa kimya, oili ikishapata moto ikawa nyepesi ndo inaanza kutwanga. Ipandishe mpaka rpm 3,000, achia mafuta taratibu, sikiliza wakati inashuka. Halafu chomoa plagi ya umeme ya koili silinda moja moja, ukichomoa mlio ukapungua, shida iko hapo. Ila kwa masikio peke yake mimi siapi. Nishawahi kushusha injini nina uhakika ni beringi, nikakuta beringi nzima na sketi ya pistoni, ile sehemu yake ya chini, ndo imevunjika.

Kwa hiyo kabla ya kushusha, kata filta ya oili, na usitumie msumeno wa chuma maana utajaza chenga za chuma zako mwenyewe humo. Karatasi yake itandaze juani. Chenga zinazong'aa na sumaku haizinasi, mara nyingi hiyo ni beringi.

Fundi aliyezoea Toyota atakwambia tushushe sampu (bakuli la oili chini ya injini) tubadilishe beringi kwa chini, nusu siku kazi imeisha. Kwenye boksa kama hii, injini ya silinda zilizolala pande mbili, haiwezekani. Bloku ni vipande viwili na krenki imebanwa katikati, lazima injini ishuke, heads (vichwa vya silinda) zitoke, pini za pistoni zichomolewe kupitia matundu ya pembeni ndo upasue bloku. Ukishafika huko krenki ipimwe kwa maikromita, ikiwa na michirizi ikachongwe na uweke beringi za andasaizi, yaani nene zaidi kufidia kilichochongwa. Msasa wa mkono hapana.

Halafu uulize kwa nini, maana beringi haijiui. Turbo inakula oili, sampu inabeba kama lita 4 tu, ukipungukiwa na lita moja ukakata kona kwa kasi pampu inanyonya hewa. Bomba la kunyonyea oili kwenye EJ linajulikana kwa kupasuka. Beringi zote zikiliwa, tafuta njaa ya oili. Ikiliwa moja, na hasa kile kipande cha juu upande wa konrodi, kagua kama silinda hiyo inalipua petroli vibaya, angalia petroli yenyewe na tuni ya kompyuta ya injini. Hivi ndivyo ninavyosoma, ingawa kuna injini mbili nilipima kila kitu na mpaka leo sababu sijaiona.

Na kipozeo cha oili pale filta inapofungwa kibadilishwe, hakisafishiki! Mteja wangu mmoja alifungiwa nusu injini nzuri (bloku yenye krenki na pistoni, bila heads) gereji nyingine, kipozeo kikabaki kilekile cha zamani, chenga zikashuka zote kwenye beringi mpya, hata mwezi haikumaliza.

Ya Jumamosi iko kwenye stendi. Beringi ya silinda ya 3 imeliwa mpaka chuma cha mgongoni, na bomba la kunyonyea lina ufa pale lilipochomelewa. Nimemwambia mwenyewe alete kwanza bomba, pampu na kipozeo, beringi tutanunua mwisho krenki ikishapimwa.