Ukavu wa sala: tunayoambiana jumuiyani na ukweli wake

Jioni moja ya Oktoba, kwenye jumuiya yetu ndogo huku Mwanakwerekwe, Unguja, dada mmoja anayefanya kazi hotelini Nungwi alipokezwa rozari aongoze. Akaanza Salamu Maria, akakwama. "Samahanini, leo haitoki. Haitoki tangu mwezi wa nane." Ushauri ukamiminika kabla hajakaa vizuri: tubu, funga siku tatu, kuna mtumishi ana upako. Hakuna aliyemuuliza amelala lini. Alikuwa ametoka zamu mbili mfululizo.

Dhana: ukiona ukavu, yaani sala haitoki na moyo hausikii kitu, kuna dhambi umeificha.
Huenda ipo, na ikiwepo kitubio kipo. Lakini Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliyelichunguza sana jambo hili, alitaja sababu tatu: uzembe wetu, kujaribiwa, na Mungu kutuonyesha kwamba faraja ni zawadi, si mshahara. Katika tatu hizo, kosa letu limo katika moja tu. Mama Teresa wa Kalkuta alikaa gizani karibu miaka 50. Waliokuwa wakimwona akitabasamu hawakujua, mpaka barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake. Teresia wa Mtoto Yesu, mtawa wa Ufaransa, naye aliingia gizani Pasaka ya 1896, na akafa Septemba 1897 giza halijamwondokea. Hata Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na hakuna aliyethubutu kuifuta.

Dhana: kusali bila kusikia chochote ni unafiki.
Mnafiki husali ili aonekane. Anayesali kwa moyo mkavu, chumbani, anamwonyesha nani?

Wakristo wa Unguja na Pemba ni wachache, na wengine hulalamika kwamba imani yao inapoa kwa kuzungukwa na adhana. Mimi adhana imenifaa. Ya magharibi ikilia, nasali Malaika wa Bwana, sala yetu ya jioni kwa Bikira Maria, maana saa zinakaribiana. Jirani yangu anayeuza maandazi huamka alfajiri, hutandika mswala, akimaliza ndipo anawasha jiko. Sijamsikia hata siku moja akijiuliza kama leo ana hamu.

Na pale Paje, kina mama wanaolima mwani husubiri bamvua. Maji yakipwa mbali kabisa ndipo wanaposhuka na kamba na vijiti vyao. Ufukwe umekauka, nao wako kazini.

Dhana: hama kanisa, moto uko kwingine.
Ignasi huyohuyo alionya: unapopita katika ukavu, usibadili uamuzi ulioufanya ulipokuwa na amani. Subiri kwanza. (Waliohama kwa sababu hii ninawajua kadhaa. Wawili wamekwisha hama tena.)

Dhana: hili ni jambo la roho tu, mwili haumo.
Msome Eliya katika 1 Wafalme 19. Ameketi chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika hamhubirii. Anamwekea mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji, anamwambia ale. Eliya anakula, analala tena, anaamshwa ale mara ya pili. Safari ya siku 40 kwenda Horebu inakuja baada ya hapo. Kwa hiyo kabla ya kujihukumu, hesabu zamu zako na usingizi wako.

Tena kuna ukavu na kuna sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Kama iliyokauka ni sala peke yake, lakini bado unacheka na watoto na pweza anakunogea, hiyo ni njia waliyoipita wengi. Kama wiki mbili zimepita na kila kitu kimekuwa chapwa, usingizi umeruka, kazi huiwezi, nenda hospitali. Ukiwaza kufa, nenda leo, na usiende peke yako. Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, tumeifanya jina la kutaniana, na utani huo umewazuia watu kupata dawa. Kutibiwa hakukufanyi uwe na imani haba.

Jioni ile bibi mwenye nyumba aliichukua rozari mkononi mwa yule dada. "Mwanangu, sisi tutasali. Wewe itikia ukiweza. Usipoweza, kaa tu." Tulipofika tendo la tatu la rozari alikuwa amelala, kichwa ukutani. Bibi akamfunika kanga, tukapunguza sauti. Alipoamka wengi tulikwisha ondoka, na kwenye mkeka kulikuwa na chupa ya chai na kipande cha mkate wa kumimina alichowekewa.