Programu ya Simu Haihitaji Kuhifadhi Nywila ya Mtumiaji
Mtu akishaingia kwenye programu ya simu kwa jina na nywila yake, hutarajia kwamba kesho ataifungua bila kuulizwa tena. Ili kumwondolea usumbufu huo, baadhi ya wasanidi huichukua nywila yenyewe na kuiweka katika faili la mipangilio. Katika Android, hifadhi iitwayo SharedPreferences ni faili la XML la kawaida, yaani maandishi yasiyofichwa, na atakayelifungua ataisoma nywila kama ilivyochapwa. Ni kweli kwamba mfumo huzuia programu nyingine zisilifikie, lakini kinga hiyo huondoka pale simu inapofunguliwa haki za msimamizi wa mfumo, au faili hilo linapochukuliwa pamoja na nakala rudufu. Wapo pia wanaoigeuza nywila kwa Base64 wakiamini wameisimba, yaani wameificha isisomeke bila ufunguo, ilhali huko ni kubadili namna ya kuandika tu, na yeyote anaweza kuirudisha bila ufunguo wowote.

Msimamo wetu ni kwamba nywila isihifadhiwe kwenye simu kabisa. Itumwe kwa seva mara moja tu kupitia muunganisho wa TLS, unaosimba data ikiwa njiani, kisha seva irudishe tokeni mbili, yaani vitambulisho vya kidijitali vinavyotumika badala ya nywila: moja ya kufikia huduma, ambayo muda wake huisha baada ya dakika chache, na nyingine ya kuombea tokeni mpya. Tokeni ikiibiwa ni hasara, lakini seva inaweza kuifuta papo hapo, na haifungui kitu kingine nje ya huduma hiyo. Nywila iliyoibiwa huweza kufungua hata barua pepe ya mhusika, kwa kuwa watu wengi hurudia nywila ileile kila mahali.

Tokeni nayo inahitaji mahali salama. Kwenye iPhone mahali hapo ni Keychain, hifadhi ya siri ya mfumo wenyewe, na msanidi achague mpangilio unaoruhusu isomwe wakati simu iko wazi tu na usioiruhusu kuhamia kifaa kingine. Kwenye Android, tangu toleo la 4.3 la mwaka 2013, ipo Keystore, ambayo haitunzi tokeni bali ufunguo wa kuisimba: programu huomba data isimbwe au isimbuliwe bila kuuona ufunguo wenyewe, na katika simu zenye maunzi ya usalama ufunguo huo hautoki humo. Kuuandika ufunguo ndani ya msimbo wa programu hakusaidii kitu, kwa sababu faili la APK, ambalo ndilo hubeba programu ya Android, hufunguliwa na kusomwa na yeyote aliyelipakua.

Jambo linalosahaulika sana ni kutoka. Kwenye iPhone, kilichomo katika Keychain huweza kubaki hata baada ya programu kuondolewa, hivyo programu inapofunguliwa mara ya kwanza baada ya kusakinishwa ianze kwa kufuta mabaki. Na mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kutoka, haitoshi kufuta tokeni kwenye simu. Seva nayo iibatilishe, la sivyo nakala iliyokwisha kuchukuliwa itaendelea kufanya kazi.