Usikh na usawa wa wanawake: si jambo la kuazima Ulaya

Wengi hudhani kwamba Msikh anayetetea usawa wa wanawake ameacha dini yake na kufuata mambo ya Wazungu. Si kweli. Guru Nanak, mwanzilishi wa Usikh aliyezaliwa Punjab, kaskazini mwa Bara Hindi, mwaka 1469, aliuliza katika tenzi zake: vipi aitwe duni yule anayezaa wafalme? Beti hizo zimo ndani ya Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masikh, na mpaka leo huimbwa alfajiri katika mahekalu ya Kisikh. Guru (yaani kiongozi wa dini) wa tatu, Amar Das, alipinga mjane kuchomwa pamoja na maiti ya mumewe, na wanawake kufunikwa nyuso.

Tatizo ni mwenendo wa watu, na ni zito. Sensa ya India ya 2001 ilikuta Punjab, jimbo lenye Masikh wengi, wasichana 798 tu kwa kila wavulana 1,000 wa umri wa miaka 0 hadi 6, ilhali kanuni za dini zinakataza waziwazi kuua watoto wa kike. Na katika Hekalu la Dhahabu, hekalu takatifu kuliko yote ya Masikh, mjini Amritsar, wanawake bado hawajapewa nafasi ya kuongoza nyimbo za ibada, ingawa hakuna andiko linalowazuia. Wanaoidai nafasi hiyo husimama juu ya maneno ya Nanak mwenyewe.