Mudomo ikipinda gafla, usiseme karuho (sumu ya kurogwa)

Mama mukubwa alikuwa anakula bugali na sambaza kwake Kadutu, tonge ikamuponyoka, akaokota, ikaanguka tena. Mudomo ukashuka upande wa kushoto, maneno ikatoka kama ya mulevi, na yeye hakunywaka pombe hata siku moja. Dakika kumi hivi, yote ikaisha. Akamaliza chakula, sisi tukasema Mungu asifiwe, ni uchovu wa soko. Kesho yake asubuhi hakuamuka, mukono na muguu wa kushoto vimekufa.

Dhana potofu: ikipita, imepona. Hapana! Ile inayopita njo onyo yenyewe ya kiharusi, ile tunaitaka avese: mushipa wa ubongo uliziba kidogo ukafunguka, na hatari ya avese kubwa iko juu sana masaa 48 za kwanza. Usilale nayo, enda hopitali siku ile ile, hata kama anacheka na anakula.

Dhana ingine, hii ya kwetu Bukavu: ni karuho, bamemurogea. Majirani balileta maziwa na mafuta ya mawese ya kuua sumu, tena kwa upendo kabisa. Ukweli: upande moja wa ubongo unaongoza upande ingine wa mwili, ndiyo maana mutu analegea upande moja tu, gafla. Na koo pia inaweza kulegea, maziwa inaingia kwa mapafu, basi musimupe kitu kinywani, hata maji. Hata aspirini, juu avese ingine ni mushipa umepasuka, damu inamwagika, na skana tu (mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa) njo inaonyesha ni gani.

Banasema pia ni ya bazee. Vijana inawapata, hata watoto ba SS (ugonjwa wa damu wa seli mundu). Na tansio, presha ya damu ya juu inayoletaka avese, haisemaki kitu, unaweza kuwa na 18 kwa 11 (ni kusema 180 kwa 110) unapanda mulima na mizigo yako vizuri tu.

Ukiwa na shaka muambie acheke, ainue mikono yote mbili, arudilie sentensi moja. Kimoja kikikataa, tafuta motari ao gari, na uangalie saa, juu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida inatolewa ndani ya masaa 4 na nusu toka alama zilipoanza.

Munganga alituuliza: mara ya mwisho alikuwa muzima, ilikuwa saa ngapi? Tukaangaliana. Aliingia kulala saa tatu ya usiku, na hakuna mutu alimuona tena mpaka asubuhi.